Ulifunga Mlango Nikiwa Nje

Kwako Ouko, uliyekuwa mpenzi wangu,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua, dada yako Atieno alinieleza yote alipokuja hapa Osiri wiki jana. Umenenepa, unaimba kwaya huko Homa Bay, na familia ya mchumba wako inakupenda kwelikweli. Basi hongera. Alinikuta kwenye karai naosha unga wa mawe ya dhahabu kwa mkono wa kulia, huu wa kushoto ukisaidia kidogo tu, maana vidole viwili havikunjiki tena. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanisifu weee, kisha akaniita shemeji, jina ambalo hakuniita hata siku moja tulipokuwa tunaishi pamoja. Nikajua huyu ametumwa.

"Shemeji," akasema, "ukienda kortini Migori, sema tu Ouko alikuwa ameenda dukani. Si ndivyo watu wanavyojua? Itakupunguzia nini?"

Nilinyamaza. Wewe unanijua, nikinyamaza ni hatari. Dada yako hanijui, alidhani nimekubali, akaniachia mkate na maziwa akaenda zake. Kwa hiyo jibu lake nakuandikia wewe, kwa sababu siku ile nilipochomwa kisu tulikuwa watu watatu tu pale uani: mimi, wewe na Msumari.

Nianze na mazuri, usije ukasema nina roho mbaya. Ulinipenda. Hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Kazi ya kuosha mawe ni ya kushinda majini, na miguu yangu ilikuwa ikipasuka mpaka siwezi kuvaa ndara. Jioni ulikuwa unanichemshia maji ya chumvi, unaniwekea miguu ndani, halafu unanipaka yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, kidole kwa kidole, huku ukinitania kwa jina la binti wa Kosele, "Nyar Kosele, hii miguu ni ya kiboko au ya mwanamke?" Wanaume wenzako wa shimoni walikucheka. Hukujali. Ile Jumapili uliyonipeleka Homa Bay tukala ngege kando ya ziwa, ulinitolea miiba yote ukaniambia nile, wewe umeshiba kwa kunitazama. Muongo mkubwa wewe, kichwa cha samaki wangu ulikila chote. Nilicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kuna nini.

Nakumbuka pia ile siku ya soko pale Migori, mlevi aliponishika kiuno mbele ya watu. Ulivua shati, Ouko. Ulivua shati ukalitupa juu ya nyanya za mama wa watu, ukapiga kelele, "Niacheni! Niacheni nimfundishe adabu!" Marafiki zako wawili walikushika. Mimi nilikuwa karibu, niliona walivyokushika, kwa vidole tu, mtoto angejichomoa. Wewe ulibaki hapo hapo ukipiga kelele mpaka mlevi akachoka kusubiri akaondoka. Njia nzima ya kurudi nilikuita shujaa wangu, na nilimaanisha. Yawa, mapenzi hupofusha.

Sasa tuje kwa ile Jumamosi.

Unakumbuka tulivyokuwa tumepata. Zebaki ilikuwa imekamata dhahabu vizuri, nikaikamua kwenye kitambaa, kikabaki kidonge kigumu cha kupendeza. Kilibaki kuchomwa tu, zebaki iondoke kwa moshi, dhahabu ibaki. Siku zote tulichoma kwa mnunuzi, ndani ya ua wake, pamoja na watu wengine. Lakini mnunuzi wetu ni Msabato, Ijumaa jua likizama hana biashara na mtu mpaka Jumapili. Nikasema tungoje. Wewe ulikuwa na haraka, ulitaka Jumapili asubuhi na mapema uwe barabarani kwenda Homa Bay.

"Tuchome hapa nyumbani," ukasema. "Nani atajua?"

"Kila mtu atajua," nikakwambia. Na ni kweli. Osiri hii, mwanamke akiwasha jiko uani, akakaa kando upande usiopeperushiwa moshi, na juu ya jiko hakuna sufuria, hakuna asiyeelewa anachopika.

"Basi weka sufuria karibu. Mtu akipita, unaiweka juu."

Nikacheka, nikakubali. Majirani nusu walikuwa kanisani, plot nzima kimya, nikaona huenda unasema kweli. Niliweka kijikopo changu juu ya makaa, sufuria ya ugali ikakaa kando. Wewe ulikaa ndani mlangoni kwa sababu ule moshi unakuumiza kichwa. Tulikuwa tunaongea. Ulikuwa unaniambia kwamba safari hii utazungumza na wazee wenu, wapange kwenda kwetu Kosele kujitambulisha. Mimi nakuuliza mama yangu atapika nini, kuku au mbuzi.

Msumari aliingia uani kwa miguu yake, hakuruka ukuta, hakujificha. Angejifichia nini kwa watu wanaomfahamu? Ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kusaga mawe, ndiye aliyesaga magunia yetu, alijua kilichokuwa ndani kuliko sisi. Akanisalimu, "Mama, sabato njema." Nikamjibu. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua sufuria, kama ulivyonifundisha, nilipokiona kisu. Kilikuwa kile chembamba cha kupasulia samaki, kilichonolewa mpaka kimeisha upana.

"Toa hiyo," akasema.

Nilikutazama wewe. Nilikuona ukisimama. Ouko, nakuapia, nilifurahi. Nilijiambia, haya, sasa tuko wawili.

Watu hapa hunisimulia hadithi yangu mimi mwenyewe. Wanasema nilimkabili. Wananiita simba jike, mama mmoja amempa mtoto wake jina langu. Wananiuliza nilipata wapi moyo. Nawajibu Mungu ni mwema, kwa sababu ukweli haunywewi na chai. Ukweli ni kwamba sikutaka kupigana hata kidogo. Niliamua kukimbia, na niliamua haraka, na uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri. Dhahabu iko juu ya moto, aichukue. Nyumba iko pale, mlango uko wazi, mwanamume wangu amesimama mlangoni. Nikaacha kila kitu nikakukimbilia.

Ukafunga mlango.

Nilisikia komeo. Nilipiga mabati kwa viganja viwili nikilia, "Ouko, ni mimi! Ni mimi!" Fikiria. Nakuambia ni mimi, kana kwamba hukujua. Nyuma yangu Msumari alikuwa bado hajagusa kopo. Nikamsikia akisema, "Huyu amenijua," akajisemea hivyo polepole, na nikaelewa kwamba dhahabu haikumtosha tena, kwa sababu nikibaki hai nitalitaja jina lake. Pigo la kwanza alinichoma hapa nyuma ya bega, mikono yangu ikiwa bado juu ya mlango wako.

Hapo ndipo nilipogeuka. Kulia kulikuwa na ukuta, kushoto ukuta, nyuma yangu wewe. Sikuwa na pa kwenda zaidi ya kwake. Nilikishika kisu kwa mkono huu wa kushoto, mtupu, na kwa mkono huo huo nikamsukuma, tukarudi wote mpaka kwenye jiko, nikapiga uuwi ambayo sijui ilitoka wapi. Nikaliokota jiko kwa mkono wa kulia nikamtupia makaa yote usoni. Akapiga kelele, akaangusha kisu, akakimbia, na watu waliokuwa wanatoka kanisani wakamkamata hapo barabarani.

Nilikuwa nimekaa chini nikiushika mkono wangu kwa mkono mwingine. Ndani ya nyumba nikakusikia ukiuliza, "Ameenda?"

Komeo likafunguka.

Nikiwa wodini Migori, ulikaa karibu yangu ukalia kweli, kamasi na machozi. Ukasema, "Ulivyomtupia lile jiko, Nyar Kosele! Kama mwanamume!" Mimi nilikuwa sijamwambia mtu yeyote habari za jiko. Uliona basi. Yale mabati yana matundu ya misumari, jicho linatosha. Ulisimama ndani ukatazama yote, mwanzo hadi mwisho. Halafu nesi akaja, akauliza wewe ulikuwa wapi, ukamjibu bila kupepesa, "Nilikuwa nimeenda dukani." Nikageuza uso ukutani. Nilikuwa na nyuzi begani na mkononi, sikuwa na nguvu za kukuaibisha mbele ya nesi. Tena nilikuonea haya, kwa ujinga wangu, nikajiambia utajirekebisha mwenyewe tukifika nyumbani.

Hukufika nyumbani. Ulisema unaenda Homa Bay kutafuta kazi, na hujarudi hadi leo.

Wanawake wenzangu wa karai ndio walioniinua tena. Walifagia ule ua wote, majivu na damu na mchanga, wakauosha kama wanavyoosha unga wa mawe, wakaikuta dhahabu. Waliniletea wodini imefungwa kwenye karatasi ya sukari. Aliyeileta alisema, "Chukua, dada, hii imekugharimu." Nilianza kulia na sikuweza kunyamaza.

Sasa sikia kesi ilipofika, kwa sababu Atieno alijifanya haelewi. Msumari yuko nje kwa dhamana. Anasema hakuja na kisu. Anasema kisu ni changu, kwamba alipita kusalimu, tukagombana, nikakatwa tukinyang'anyana kisu, nikamchoma kwa makaa kwa hasira zangu na akili zangu mbovu. Ana makovu usoni ya kuonyesha. Mimi nina yangu. Waliomkamata walimkuta barabarani, hawakuona kitu. Mwendesha mashtaka, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliniambia bila kunificha kwamba maneno yangu na ya Msumari yako sawa kwenye mizani, na kwamba mtu akiachiliwa ameachiliwa. Kisha akaniuliza, "Kuna mtu mwingine yeyote aliyeona?"

Nilimwomba anipe muda nifikirie.

Nikaenda Kosele kwa mama. Mama aliniangalia mkono, akasema, "Nyathina, mwanangu, acha. Rudi nyumbani. Shamba lipo, utapanda viazi vitamu, utauza sokoni hapa Kosele. Korti haitakurudishia vidole. Huyo mtu akishinda atarudi Osiri, na wewe unalala peke yako." Mama hana makosa. Nililala kwake siku kadhaa, nikalala vizuri kuliko nilivyolala tangu siku ile. Nilikuwa tayari kabisa kumtuma mtu anichukulie karai na godoro. Kukimbia si aibu, Ouko, na nataka uelewe hili vizuri kwa sababu najua unajiambia kwamba ninakuchukia kwa uoga wako. Ungekimbia ukaruka ukuta, ukaniacha, ningekusamehe. Kila mtu anaokoa roho yake, hata mimi nilikuwa naokoa yangu. Ungeniingiza ndani tukaogopa wote wawili, tukalia wote wawili nyuma ya komeo, ningekuzalia watoto. Uliniona nakuja. Macho kwa macho uliniona nakuja, ukapima, ukaona nikiwa nje yeye atakuwa na kazi ya kufanya na wewe utapona. Hicho ndicho nisichoweza kukusamehe.

Bado ningeacha. Hata hivyo ningeacha, kwa ajili ya usingizi tu. Lakini nikirudi kutoka Kosele nilishuka Migori, na pale stendi nikakutana uso kwa uso na Msumari, amesimama anakula mahindi ya kuchoma. Hakukwepa. Akanitazama mkono, akatabasamu, akasema, "Mama, sabato njema." Ilikuwa Jumanne. Nikajua kwamba huyu hatarudi Osiri kunitafuta mimi peke yangu. Kuna wanawake wengi pale wanaokaa kando ya jiko lisilo na sufuria.

Halafu, siku chache baadaye, dada yako akaja na mkate.

Jana nilienda kwa yule mama mwenye miwani. Nilimwambia kuna mtu aliyeona yote kupitia tundu la msumari. Nilimweleza alikuwa amesimama wapi na nani alikuwa nje. Akaandika, akaniuliza jina, nikakutaja majina yako yote matatu. Akaniuliza unapatikana wapi, uletewe samansi.

Kazini kwako sipajui, na nyumba unayokaa siijui. Atieno, katika kujisifu kwake, alinieleza mahali pamoja tu, akanielekeza mpaka rangi ya geti: nyumbani kwa wakwe zako, ambako unakula kila Jumapili baada ya kwaya. Ndipo nilipompa.

Kula vizuri. Polisi wakibisha, fungua.

Ni mimi,
uliyenichemshia maji ya chumvi,
Nyar Kosele