Kinu Kitupu

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia huku Lisekese, marahaba. Mjomba wako bado anakohoa, na mikorosho mwaka huu imetoa maua machache.

Unauliza kwa nini kikundi chetu, kinapowapikia watoto wenye njaa, kinampakulia hata mtoto wa mwenye duka.

Nilipokuwa mdogo kule Newala, mwaka wa njaa, akina mama walipita nyumba kwa nyumba wakigawa uji. Mama yangu aliona aibu kuhurumiwa. Aliposikia wanakaribia, alishika mchi akatwanga kinu kitupu, tena kwa nguvu.

"Kwa Mama Somoe wanatwanga, hawana shida," wakasema, wakapita. Mimi nilikuwa ndani, mdogo wangu Saidi kanilalia mapajani.

Saidi hakuziona mvua.

Ndiyo maana hapa hatumuulizi mtoto kama ana njaa. Wote wanakaa mkeka mmoja, na mtoto wa mwenye duka anawasitiri wenzake. Ila watu wazima bado wana aibu zao. Kila nikisikia jirani anatwanga, natoka nje nisikilize kama kinuni mna kitu.

Bibi yako,
Somoe