Daktari wa Ukumbi wa Mazoezi

Kikambala,
9 Juni 1986

Kaka Dena,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini mvua imefika Ganze.

Hapa hotelini, ukumbi wa mazoezi ninapofundisha wageni sasa una daktari wake. Wageni wakishanyanyua vyuma, huwapima moyo na kuwadunga sindano za magoti. Juzi alitupima na sisi wafanyakazi. Alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza kama wazazi wangu wako hai, na nilipomwambia baba ni marehemu akaniuliza, "Baba yako alikufaje?"

"Alianguka ghafla shambani," nikamjibu.

"Basi huenda moyo wake ulitanuka kama wako. Ugonjwa huu hurithiwa."

Nimekatazwa vyuma. Siku hizi nagawa taulo na kumeza vidonge.

Kaka, kwa kifo kile tulimwita shangazi Kahonzi mchawi, tukamfukuza. Jumapili nilimfuata Tezo anakoishi, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, kisha akauliza, "Dena anajua?"

Nikamwambia nitakuandikia.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie ningali hai."

Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Nzai