Aliyepigwa Hapiki

Mama,

Shikamoo. Hata huko uliko sithubutu kuanza bila shikamoo, usije ukasema Australia imenilia adabu.

Msimu umeisha jana. Tumefungwa. Tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa ya mwisho, na zote za katikati. Mechi kumi na mbili, hatukushinda hata moja, na kipa ni mwanao. Nakupa habari hii kwanza kwa sababu ndiyo ungeiuliza kwanza. Ungesimama mlangoni na sare yako ya kazini, viatu hujavua, ungesema, "Haya, wamewapiga ngapi?" Wala si "mmeshinda?" Wamewapiga ngapi. Jana ni kumi na moja kwa tisa, Mama. Afadhali, eti?

Nakuandikia hapa jikoni. Ni Jumapili asubuhi, mdogo wangu Neema ameenda kanisani, mimi nimebaki. Jua la Blacktown limeingia mpaka kwenye meza na sina haraka ya kwenda popote.

Tangu uondoke dunia imekuwa laini laini, sijui nisemeje. Treni ikipita naisikia kama inapita chini ya maji. Kazini kule Smithfield nashika boksi moja, nikija kushtuka saa ya chai imepita na boksi bado liko mikononi. Na golini ndiyo usiseme. Ulikuwa unasema lakrosi ya ndani ni ugomvi wa watu waliofungiwa chumbani na fimbo, na kweli, mpira wenyewe ni donge la raba linalorushwa kwa fimbo yenye kikapu, hujui hata limetokea wapi. Lakini siku hizi nauona unakuja polepole, kama chungwa alilorusha mtoto. Nauona unavyozunguka. Namwona aliyeurusha jinsi alivyong'ata meno. Nasikia mpaka taa za ukumbini zikilia ziii juu kule. Halafu unaingia. Nauona vizuri kabisa, Mama, na unaingia.

Unaikumbuka ile mechi ya kwanza? Ulikuja na kitenge chako cha kanisani kana kwamba naozeshwa. Uliponiona nimevaa vile vifaa vya kipa ulicheka hadi ukashika ukuta. "Baba, umevaa godoro! Lala tu, watakukuta usingizini." Nilijidai. Timu ya kulipwa, ligi mpya, jina langu mgongoni, hata kama siku za wiki sote tunabeba maboksi na kuendesha malori. Tukapigwa kumi na saba kwa nne. Ukapitiliza mpaka chumba cha kubadilishia nguo, hukuulizwa na mtu, ukafungua mlango ukatukuta wanaume kumi na tisa tumeinamisha vichwa. Ukafunga mlango taratibu kabisa.

Jumamosi iliyofuata ukaja na sufuria. Ile kubwa ya msibani, Mama! Maharage na ndizi, mawese yanang'aa juu, umeifunga kwa kitenge na kuipakata kwenye treni. Tulipofungwa ukaiingiza chumbani, ukaanza kupakua. Mimi nilikuwa natafuta shimo nijifiche. Nikakwambia kwa Kiswahili ili wasisikie, "Mama, hakuna aliyekufa." Ukaniambia, "Angalia nyuso zao." Halafu ukasema lile neno lako la kambi ya wakimbizi, la kule Kigoma, ambapo nyumba iliyofiwa haikuwasha moto mpaka majirani waseme basi: "Aliyepigwa hapiki." Ukampa kila mmoja sahani na pole yake. Pole wewe. Pole na wewe. Liyamu, nahodha wetu, mwanamume mwenye ndevu kama fagio, alipokea kwa mikono miwili kwa sababu ulimkazia macho mpaka akaongeza wa pili.

Basi ikawa ndiyo desturi. Tukifungwa, tunakula. Na kwa kuwa tulikuwa tunafungwa kila wiki, wewe ulikuwa unapika kila wiki, unatoka shifti ya kutunza wazee kule Fairfield Ijumaa, unaloweka maharage, Jumamosi asubuhi unayachemsha. Watu wakaanza utani kwamba tunafungwa makusudi. Jezi zetu za njano zikapata madoa ya mawese ambayo hayatoki mpaka leo. Walikupenda, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa natafuna huku naona haya. Mwenzangu akifungwa anafungwa pamoja na wote. Kipa akifungwa, kila bao limepita kwake. Na kila sahani uliyopakua niliiona kama mtu ananihesabia.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ile ya mabao kumi na tisa. Mchezaji mmoja wa timu pinzani alipita akaiona sufuria yako, akauliza kwa kicheko kama mama wa kipa huwa anaanza kupika kabla ya mechi. Lilikuwa swali la kipuuzi, lakini lilinichoma, kwa sababu nilijua jibu. Maharage hayaivi kwa dakika kumi. Nikakufuata pale maegesho ya magari, watu wapo, Neema yupo, nikakuambia maneno haya, nayajua moja moja: "Usije tena na masufuria yako. Unapika asubuhi kwa sababu unajua tutafungwa. Hata wewe mama yangu huniamini."

Ukanitazama. Ukakaza fundo la kitenge kwenye sufuria, ingawa lilikuwa limekaza. Ukasema, "Sawa, baba." Basi. Kwenye treni ulikaa dirishani, mimi nikasimama mlangoni kama abiria asiyekujua. Loo, Mama. Kama ningeweza kuirudia safari moja tu maishani mwangu, ningechagua hiyo, hata kama mambo mengine yote yabaki yalivyo.

Jumamosi tatu hukuja. Tulifungwa zote. Mimi kipenga kikilia tu nilikuwa nabeba begi, sinawi hata uso, nawahi treni. Sikutaka kukaa na mtu. Nyumbani uliniuliza "wamewapiga ngapi?" kama kawaida, nikakujibu kama kawaida, tukala ugali na sombe tukatazama habari. Nikajisemea, yamekwisha. Nitamwomba msamaha siku nzuri. Nilikuwa nangoja tushinde, unaona ujinga? Nilitaka nije na ushindi mkononi ndipo niseme samahani.

Halafu ile Jumanne ukaanguka hapa hapa jikoni, umeshavaa sare. Hospitali, siku nne, na ulimi wako haukurudi. Nilikushika mkono. Nilisema habari za mvua, nilisema Neema amefaulu mtihani, nilisema kila kitu isipokuwa kile. Mchungaji alikuwepo, kina mama wa kwaya walikuwepo, nikaona haya mbele zao. Siku ya nne ukaenda zako.

Msiba wako ulijaa, Mama. Kina mama wa kwaya walipanga viatu nje mpaka kwa jirani Mvietnamu. Siku ya pili mlango ukagongwa, nikafungua, nikakuta jezi za njano. Timu nzima. Kila mmoja na sufuria yake! Wengine walibeba kwa taulo, mmoja alikuja na karai la kuokea nyama. Liyamu alikuwa amepika maharage. Alinyoosha ile sufuria kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Aliyepigwa hapiki." Nikaipokea kwa mikono miwili. Maharage yenyewe yalikuwa magumu kama kokoto. Mama Divine wa kwaya aliyaonja, akamtazama mwenzake, akameza kwa imani, na kina mama wote wakaomba waongezwe. Tulicheka msibani kwako, utusamehe. Nadhani ndicho ulichokuwa unataka.

Lakini moyo wangu haukutulia. Watu walisema mama hawezi kumwekea mtoto kinyongo. Mchungaji akanipa mstari wa Biblia. Mama Divine akasema radhi za mama haziondoki kwa ugomvi wa sufuria. Nikawaitikia, ndiyo, ndiyo, na sikuwaamini. Wao hawakuiona ile "sawa, baba". Nilikuwa nakuota uko pale kwenye viti vya ukumbini, umenipa mgongo, umepakata kitu, nakuita na mdomo wangu umejaa pamba. Mechi zilizobaki nilidaka hivyo hivyo, nusu niko macho, nusu naangalia viti. Nilitaka kujua jambo moja tu: umekwenda umeniachia radhi, au umekwenda na uchungu niliokupa?

Jana basi. Kipenga kimelia, tumepigwa, msimu umekwisha. Nikabeba begi kama kawaida. Liyamu akaudaka mkanda wa begi kutoka nyuma, nusura anidondoshe. Nikageuka kwa hasira, nikamkuta jamaa analia, ndevu zote zimelowa. Akasema twende. Akanipeleka kwenye kile chumba kidogo cha chai nyuma ya viti, akafungua friza.

Makopo matatu ya aiskrimu. Nilijua kabla sijasogea. Nani mwingine duniani anaweka maharage kwenye kopo la aiskrimu, anawadanganya watoto kila wanapofungua friza? Juu ya kila kifuniko kuna kipande cha plasta, na mwandiko wako ule wa shule ya watu wazima, herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima: ONESMO. POLE MWANANGU.

Hukuacha kupika, Mama, na mimi nilidhani yale maharage ya asubuhi ni ya nyumbani. Kumbe Jumamosi zote tatu, mimi niko ukumbini napasha misuli moto, Liyamu alikuwa amekuja na gari mpaka mlangoni kwetu, ukampakilia sufuria. Wao walikula. Wote walikula wiki zote tatu, na mimi peke yangu, niliyekuwa nakimbilia treni, ndiye sikula. Na kila mara ulipakua langu kwanza. Ulimwagiza, "Usimwambie. Siku akifungwa akakaa chini na wenzake, mpe." Naye maskini akangoja nikae. Sikukaa. Halafu ukafariki, akaogopa, hakujua atanipaje chakula cha mtu aliyekufa. Jana ukumbi ulikuwa unafungwa na friza inazimwa, ikabidi.

Nilimuuliza lile lililokuwa linanila. Nikamwambia, alikuwa anapika asubuhi, ndugu yangu, alijua tutafungwa. Liyamu akashangaa. Akasema hata yeye alikuuliza siku moja pale mlangoni, kwa utani, ukiwa unamfungia kitenge. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha kazini kwamba maharage hayajui nani kashinda. Mkishinda mtakula kwa furaha, mkifungwa mtakula kwa pole, lakini saa kumi jioni watoto watakuwa na njaa. Basi, ndivyo ulivyosema. Hukuwa unabashiri lolote. Ulikuwa unalisha watu.

Tulipasha moto kopo la kwanza pale pale na kila mtu akachota kijiko kimoja, wanaume wazima. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Sikutaka yaishe. La pili nimemletea Neema, akala amesimama, yeye ambaye siku zote alikujibu kwa Kiingereza, akasema "asante Mama" kwa Kiswahili, akaenda kulala mapema.

La tatu liko hapa mezani. Nililitoa jana kwenye friza, nikakesha nikijiuliza kama nilirudishe. Nikila, hakuna tena chakula chako duniani. Nilitaka kulihifadhi mpaka niwe mzee. Lakini hukupika ili kiwekwe, nakujua, ungenikaripia kwamba naozesha chakula.

Kocha ameuliza nani atarudi mwakani. Nimemwambia narudi. Nakuahidi, Mama: kila Ijumaa nitaloweka maharage mimi, Neema atamenya ndizi, na Jumamosi nitayapeleka kabla sijajua kitu. Na yule kipa wa upande wa pili naye, siku akipigwa, nitampelekea sahani. Sitaondoka tena kabla ya mtu wa mwisho kula. Nikikosea chumvi, unitokee ndotoni unikaripie, lakini ugeuze uso nikuone.

Samahani kwa maneno ya pale maegesho. Ndiyo hayo, nimeyasema, bila ushindi wowote mkononi.

Lala salama, mama yangu. Mtu akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa. Mimi bado sijapoa. Lakini nimekaa chini, Mama, na ninakula.

Mwanao,
Onesmo