Kahawa Niliyompa Gati

Kemambo, Tarime
9 Juni 2024

Mkwe wangu Mama Gati,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Ikoma. Mzee Simioni mpelekee shikamoo yangu, umuulize goti linaendeleaje au bado anabishana na daktari. Sisi huku hatujambo. Mvua imetuachia mahindi ya kutosha, na nyani nao wameiba ya kutosha.

Najua unashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za ng'ombe. Kusema kwa mdomo kumenishinda, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu wa darasa la saba.

Nilikuambia kwamba Gati amejifungua salama mtoto wa kike. Sikukuambia uzito. Alizaliwa na kilo mbili na gramu mia moja, ingawa miezi yake ilikuwa imetimia. Leo ana wiki tatu, amefika kilo mbili na nusu, na ananyonya kwa fujo. Nesi Agustina wa zahanati amemfundisha Gati kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Akasema na mimi bibi nipokee zamu, mama apumzike. Nikasema mgongo unaniuma. Mgongo huu unaujua, unabeba debe la maji bila kulalamika. Mwanao anambeba peke yake, na macho yamemwingia ndani.

Ulipokubali Gati aje kwangu kwa nyumba ntobhu, mwanamke aolewe na mwanamke, azae na mwanamume anayemtaka, ili mji wangu upate watoto, nilikuambia tu kwamba sikujaliwa kuzaa. Ukweli ni kwamba nilibeba mimba moja, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kila mtu alilisifu tumbo langu kwa ukubwa. Mtoto alikwama siku mbili. Walipomtoa hakuwa hai, na mimi sikushika mimba tena. Tangu hapo nikiona tumbo kubwa naingiwa na hofu.

Mimba ya Gati ilipofika miezi mitano tulikwenda kliniki. Yeye akiwa ndani anapimwa, sisi wa kwenye benchi tulipewa somo. Nesi Agustina alisema mjamzito apunguze kahawa na chai kali, kwa kuwa ukali wake unapita mpaka kwa mtoto, na mtoto hana uwezo wa kuumaliza mwilini kama sisi, hivyo anaweza kuzaliwa mdogo. Mkwe wangu, wenzangu walisikia onyo. Mimi nilisikia dawa. Nilishika neno moja tu, mdogo, maana mtoto mdogo hakwami.

Gati alipotoka akauliza tumefundishwa nini. Nikamwambia mambo ya vyandarua.

Kuanzia kesho yake nikawa namkaangia kahawa ya shambani kwangu na kumchemshia nzito, vikombe vitano au sita kwa siku, nikimwambia inaongeza nguvu ya kusukuma. Alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio na usingizi hapati. Nikasema ndivyo mimba zilivyo. Alikunywa yote, kwa sababu ulimlea vizuri, habishani na mkubwa.

Ilipofika miezi minane nesi alipima tumbo kwa utepe, akapima tena, akasema mtoto hakui inavyotakiwa. Akamuuliza Gati anakula nini na anakunywa nini. Gati akaitaja kahawa bila wasiwasi, tena akanisifu ninavyomtunza. Nilitamani ardhi inimeze. Nesi aliniita pembeni, akasema mtoto kuwa mdogo kuna sababu nyingi na hawezi kuapa kwamba ni kahawa, lakini niiache siku hiyohiyo. Nikamweleza hofu yangu, akasema kama naogopa mtoto kukwama, Gati akazalie hospitali penye upasuaji, siyo kumpunguza mtoto. Niliiacha, na hospitali tulikwenda mapema.

Jana nimemweleza Gati yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akafua nguo zilizokuwa safi. Naomba msamaha, mkwe wangu. Mtoto yule sijampakata hata siku moja, na nimeapa sitampakata mpaka wewe uniambie kama nina haki. Ukitaka wahamie kwako, nitawaleta mwenyewe hadi mlangoni.

Nilikuwa nimefika hapo Gati akaingia. Akauliza naandika nini, nikamwambia ni barua ya kuja kwako. Akasema niandike kwamba yeye hahami, kwamba hasira bado anayo na ikiisha ataniambia, na kwamba amechoka anataka kulala. Kisha akanifungua vifungo vya blauzi, akanifunga mtoto kifuani kwa kitenge chake, akaenda zake kitandani.

Kwa hiyo hapa naandika kwa mkono mmoja. Ana joto, na anapumua vizuri. Jibu lako bado nalingoja, hata likiwa chungu. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka.

Ni mimi mkwe wako,
Wegesa