Kichwa cha Chatu Ukutani

Baba Eliasi,

Usidhani nimekaa kuandika kwa ajili ya machozi. Nimekasirika. Herufi zenyewe unajua nilizipata ukubwani kwa katekista, kwa hiyo vumilia zinavyopanda na kushuka.

Mwanao Eliasi alimpaka chokaa chatu wako.

Si mwili wote. Kichwa, na shingo kidogo. Nilikuwa kisimani. Narudi na mtungi, namkuta amesimama juu ya kinu changu, brashi mkononi, anasema wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Goweko kumposa mjukuu wako Marta, baba wa kijana ni mzee wa kanisa huko kwa Wamoraviani, hawawezi kupokelewa na joka ukutani. Nikamwambia ashuke kwanza kwenye kinu. Akashuka. Mtu mzima, ana ndevu.

"Mama, huyo ni nyoka wa kipagani."

"Huyo ni nyoka wa baba yako." Ndoo ya chokaa nikaifungia ndani.

Tangu hapo sikutulia. Nikikaa, nainuka. Napepeta mtama nusu, nauacha, natoka kutazama ukuta. Mwili upo, mnene vilevile. Nilikwambia chatu hanenepi hivyo labda awe amemeza ndama, ukasema huyu amemeza. Lakini kichwa hakuna, pale juu peupe tu, kama mtu aliyefunikwa shuka usoni. Na uso wa namna hiyo nilishauona mara moja humu ndani. Inatosha.

Tena shida hii umeniletea wewe, kwa mdomo wako. Yule Mzungu wa kwanza aliyekuja kuandika habari za michoro yetu ulimwambia chatu ni mvua. Akaandika. Wa pili ukamwambia ni babu zako waliocheza na nyoka. Naye akaandika, akakuachia tumbaku. Mimi ukaniambia, huku umelala chali unacheka, kwamba ukuta ulipasuka, ukaona ufa unapindapinda, ukaufuata na udongo mwekundu. Nikacheka nawe. Sasa sijui kati yetu watatu ulimdanganya nani. Maana kila mvua zilipoisha, kabla hujampaka udongo mpya, ulikuwa unanawa mikono, wala huongei na mtu. Nani ananawa mikono kwa ajili ya ufa? Ningekuuliza. Niliona bado upo, nitauliza tu siku moja.

Basi Ijumaa nilinawa mikono. Nikachanganya udongo na majivu, nikamchora kichwa mwenyewe. Ametoka kama kuku aliyenuna. Marta alinishikia kibuyu cha maji, nami nilimsikia anavyokizuia kicheko.

Wakwe wakashuka gari moshi, wakaja. Eliasi alikuwa amewapangia viti waupe ukuta mgongo. Baba wa kijana akageuza chake. Akatazama mpaka ugali ukapoa. Akauliza nani kachora. Eliasi akaanza kukohoa. Mimi nikamwona Marta mlangoni na sahani mkononi, nikajua neno langu moja linaweza kumvunjia posa mtoto wa watu. Lakini kukukana mbele ya wageni, nyumbani kwako, ulimi ulikataa.

"Mwili ni wa marehemu mume wangu," nikasema. "Kichwa ni changu."

Akasema, taratibu, "Kwetu alikuwepo mmoja. Baba alimfuta siku niliyobatizwa." Akanawa, akala.

Posa tumeipokea. Marta ataolewa baada ya mavuno. Eliasi hajaiulizia ndoo yake, na mimi simkumbushi.

Sasa nakuaga, mkono umechoka. Nakuahidi, maadamu nina nguvu za kuchota udongo, chatu hatafutwa tena. Kichwa ukikiona kimekaa vibaya, kivumilie hivyohivyo. Ulikuwa na miaka yote ile ya kunifundisha, ukaimaliza kwa kucheka.

Pumzika, mume wangu.

Mama Eliasi