Bendi ya Baba Amani na zile za dunia

Jumanne, Kisugu

Eti bendi za roki za zamani zilitajirika kwa santuri, za sasa zinatajirika kwa kujaza viwanja, kwa hiyo sasa ni zamu yake! Baba Amani amenieleza hayo nikiwa namwogesha mtoto. Anataka kuacha kazi ya kuuza matairi apige gitaa tu.

Bendi yake imepiga kwenye kwanjula moja, ile sherehe ya posa nyumbani kwa bibi harusi. Shangazi za bibi harusi waliwaomba wazime spika, wazee wasikie mahari.

Niliogopa kweli. Nikamwambia polepole, “Uza kwanza wimbo mmoja kwa mtu asiye ndugu yako, ndipo uache kazi.”

Akafikiri sana.

“Mama Amani, jirani ni ndugu?”

Nimelipiga pasi shati lake la kazini.