Kaka Elia, Sikusema Sentensi Nzima

Kaka yangu Elia,

Juzi nilikwenda kwenu Mkiwa kumhani mama yako kwa msiba wako, nimerudi kwangu Utemini sijui nikulilie au nikugombeze. Miaka yote ile tuliyokaa pamoja ng'ambo, kumbe sikukujua!

Unakumbuka siku niliyoshuka kwenye treni, nimevaa koti la kuazima linalonifika magotini? Ulikuja kunipokea wewe, mtu ambaye hatukuwahi kuonana, kwa sababu tu ulisikia kuna kijana wa Singida anakuja kuanza chuo kikuu. Nikakuamkia shikamoo. Ukacheka. "Marahaba, lakini hiyo iweke akiba, huku haina mnunuzi." Halafu hata kabla hujanionyesha pa kula, ukanipa somo la kwanza: "Wakikuuliza swali la kukanusha, usijibu ndiyo wala hapana. Sema sentensi nzima." Nilidhani baridi imekuharibu kichwa.

Ulikuwa unafanya kazi jikoni kwenye bweni letu. Ulisema unasoma masomo ya jioni, nikaamini. Wewe Mkristo ndiye uliyemsimamia mpishi mkuu asiniwekee nguruwe kwenye sahani. Jumapili ulituita wageni wote, wa kwetu na wa nchi nyingine, tukasonga ugali wa unga wao mweupe usiokubali kushikana, nawe ukakaa pembeni unatusikiliza tukisoma madaftari yetu kwa sauti, ukitusahihisha lugha yao. Wewe sikuwahi kukuona na daftari. Wala sikuuliza. Mimi nilikuwa nashiba tu.

Mwaka wa pili yakanikuta. Majibu yangu ya mtihani yalifanana na ya mwenzangu niliyekuwa nasoma naye, nikaitwa mbele ya walimu watatu. Nikainamisha macho kama nilivyolelewa, wao wakaona mtu mwenye hatia. Mmoja akauliza, "Hukunakili?" Nikajibu kwa heshima zote, "Ndiyo." Kwetu hapo nimejitetea: ndiyo, sikunakili. Kwao nilikuwa nimekiri. Wakafunga faili, nikaambiwa nifungashe mizigo.

Asubuhi yake uliingia ofisini kwao na aproni yako ya jikoni. Sijawahi kukuona na hasira kama ile. "Kwetu sisi," uliwaambia, "ukimuuliza mtu 'hujala?' akajibu ndiyo, ana njaa! Muulizeni upya." Wakaniuliza upya, nikasema sentensi nzima, nikabaki chuoni. Wewe ukatoka nje, ukaketi kwenye ngazi, ukalia. Nami nikakutania: "Kaka, si ni mimi niliyetaka kufukuzwa? Mbona unalia wewe?" Nikicheka kabisa. Kicheko kile sasa kinanichoma.

Mama yako alipohamia kijiji kipya kando ya barabara, aliacha ghala na mizinga ya nyuki, lakini fremu ya cheti chako cha chuo kikuu aliibeba mwenyewe. Ipo ukutani. Lugha ile hakuna aliyeiweza pale, hata mwalimu wa shule. Muhuri mwekundu uliwatosha. Tangu karatasi ile ilipoletwa na posta, kijiji kizima kinamwita Mama Injinia.

Sasa mama anasoma kisomo cha watu wazima. Nilipomaliza kumpa pole, alinishika mkono akaniweka mbele ya fremu. Akapitisha kidole juu ya kioo, polepole. "E-li-a. Hapo nimefika mwenyewe. Palipobaki nisomee wewe, mwanangu, ulikuwa naye huko."

Nikasoma kimoyomoyo. Si cheti, kaka. Ni barua ya kukufukuza chuo, ya miaka mitatu kabla mimi sijafika. Majibu yako yalifanana na ya mwenzako, na ulipoulizwa kama hukunakili, wanasema, ulikiri kwa neno moja.

Neno lile lile, Elia! Na wewe hukuwa na mtu wa kuingia na aproni. Ukabaki huko unapika, unapokea kila mgeni stesheni ili lisimmalize na yeye, na kwenu ukaacha waamini walichoamini. Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa najua ofisi ile. Ningekwenda kukusemea, hata kwa kuchelewa. Nimekukasirikia, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Mama aliniona uso. "Mbona husomi kwa sauti, baba? Kuna maneno yalipita hapa, nikayafukuza. Hawakumfukuza mwanangu?"

Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Wote wakanigeukia. Nikainamisha macho.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akafuta kioo kwa ncha ya kanga yake, akawaambia wenzake, "Mmesikia?" Wakasikia.

Pumzika, kaka. Kwa lugha yetu nimemdanganya mama yako. Kwa lugha ya wale waliokufukuza, nimemwambia kweli tupu. Ulinifundisha siku ya kwanza kabisa, na bado sikusema sentensi nzima.

Ni mimi mdogo wako wa Utemini, uliyempokea stesheni,
Yusufu